Jina Moja kwa Mtoto wa Mafuriko

Hapo zamani, habari za televisheni zilipokuwa bado zikisafiri ndani ya kanda, palikuwa na mtoto wa kike aliyefikisha siku ya saba bila jina. Majina hayakukosekana. Wanawake watatu walistahili kuwa somo wake, yaani aitwe kwa jina lao, na shangazi yake, Riziki, ambaye ndiye wa kumnong'oneza jina sikioni, alikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Wa kwanza ni Hilda, Mwingereza. Aliingia kwenye televisheni ya kwao kama mpiga taipu. Akaomba kusoma habari, wakamwambia, "Sauti yako ya shamba." Akarudi kwenye taipu. Akaomba kuandika habari, wakamwambia, "Mwanamke hapelekwi penye hatari." Akarudi kwenye taipu. Mwaka wa kumi na moja akaomba tena, na mkubwa wake akachoka kukataa.

"Nenda Afrika kwenye mafuriko," alisema. "Taarifa ikitoka na sauti yako, nafasi ya mwandishi wa nchi za nje ni yako."

Kazi yao ina desturi. Picha hupangwa mjini, mwandishi husema maneno juu yake, na mwishoni hutaja jina lake. Kanda ikifika bila mwandishi, mwingine husema, na jina linalotajwa ni la huyo mwingine.

Hilda akafika kijiji cha Mlangoni. Mpiga picha wake alishikwa na homa mjini, basi kamera aliibeba mwenyewe. Alikuwa na mkalimani, Sauda, binti wa mto wa hapohapo. Mto ulikuwa umemeza mashamba, na watu mia mbili walikuwa wamebanana kwenye kilima kimoja kidogo. Wakubwa wa serikali walikuwa wametangaza kwamba Mlangoni watu wote wamehama, kwa hiyo hakuna mashua iliyotumwa.

Akapokelewa na Bi Kibibi, mama yake Riziki. Bi Kibibi akamtolea kipande cha muhogo wa kuchoma.

Hilda akakataa. Kazini alifundishwa kwamba mwandishi hali chakula cha wenye njaa. Lakini Mlangoni mgeni haulizi wala haulizwi kabla hajala, na anayekataa chakula amekuja na neno baya. Akawaelekezea kamera, wakampa migongo.

"Kula, dada," Sauda akamnong'oneza. "Usipokula, utapiga picha za migongo mpaka kesho."

Hilda akala huku machozi yakimtoka. Muhogo ule ndio pekee uliowabakia. Ili mgeni asione haya, Bi Kibibi alikaa mbele yake akitafuna kinywa kitupu, na kusifu, "Leo umeiva vizuri!"

Ndipo watu wakasema. Walitaja majina yao mmoja mmoja mbele ya kamera, ili wakubwa wajue wapo.

Mtumbwi mzima ulibaki mmoja, wa mpiga kasia na abiria mmoja. Kasia angeshika Sauda. Hilda alikuwa amekwisha kukaa mtumbwini, kanda kifuani, Mwanaidi, mkwe wa Bi Kibibi, aliposhikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni.

Hilda akamtazama Mwanaidi. Akaitazama kanda. Akashuka.

"Mpeleke yeye," alimwambia Sauda. "Kanda mpe dereva wangu anayengoja barabarani, aifikishe kituo cha televisheni mjini."

"Na jina lako?"

"Piga kasia, Sauda."

Kanda ikafungwa kwenye sufuria yenye kifuniko. Sauda akapiga kasia tangu asubuhi hadi adhuhuri. Penye magugu mtumbwi ukapinduka. Akaing'ata kwa meno kanga iliyofunga sufuria, akambeba Mwanaidi mgongoni, kisiki kikampasua mguu, asisimame. Akafika barabarani. Dereva akachukua kanda, na kwenye zahanati mtoto akazaliwa mzima.

Picha zikaonekana Uingereza, wakubwa wakaona haya, na kesho yake mashua zikaja. Mia mbili wote wakatoka salama. Lakini jina lililotajwa mwishoni halikuwa la Hilda. Nafasi akapewa yule aliyesema maneno juu ya picha.

Siku ya saba wakakusanyika.

"Mjukuu ni wangu," akasema Bi Kibibi. "Bila muhogo wangu nani angefungua mdomo? Riziki, nimekuzaa mwenyewe, usinitie aibu."

"Mama, usinitishe. Mtoto si basi la kuandikwa majina ubavuni. Sauda, sema."

Sauda akanyoosha mguu uliofungwa bendeji. "Muhogo haukuvuka mto, Bi Kibibi. Wala aliyebaki kilimani hakuvuka. Niliyemleta huyu mtoto ni mimi, na mguu wangu bado unauma."

"Haya," akasema Riziki, "mtafsirie mwenzako naye aseme."

Hilda akasema taratibu, na Sauda akatafsiri kila neno, hata yale yaliyompinga yeye mwenyewe: "Sikuja kuomba. Lakini mkiniuliza, nataka. Miaka kumi na moja nilingoja jina langu litajwe, nikaliacha kwenye mtumbwi kwa ajili ya huyu. Nikirudi nitaanza tena kwenye taipu, na nitaomba tena. Ila ningependa litajwe hata mahali pamoja."

Bi Kibibi akamsogezea Hilda sahani. "Kula kwanza," alisema. "Kushindana tunashindana, lakini kula."

Mwanaidi, aliyelishwa, aliyebebwa, aliyepishwa, akawatazama wote watatu. Akamweka mtoto mapajani kwa wifi yake. Riziki akainama, midomo karibu na lile sikio dogo.

Enyi mnaosikiliza, mngekuwa nyinyi Riziki: je, mngemnong'oneza jina la nani?