Kuku wa Bi Mboja

Ukimbeba bibi, beba na kuku wake.

Hivyo ndivyo alivyosema mjomba wenu Khatib leo kwenye posa, pale yule kijana aliyekuja kumposa Saumu alipouliza kama mtoto wa Saumu wa ndoa ya kwanza atabaki kulelewa huku. Kijana akatazama mkeka, kisha akasema atamchukua na mtoto. Nanyi mkatoka pale mnasukumana na kucheka, mnaniuliza kuku ameingiaje kwenye mambo ya ndoa. Haya, kaeni, nisaidieni kuchambua mchele huu wa kesho, niwaeleze. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kisiwani Mtundwe, na siku ilipozaliwa nami nilikuwapo.

Mwaka ule nilikuwa mke mpya, sijazoea hata njia ya kisimani. Redio ikatangaza kwamba kimbunga kikubwa kiko baharini na kinaelekea visiwani kwetu. Mwanzo watu hawakuamini. Sisi tulijua pepo za kuvunja migomba na kuondoa makuti mawili matatu, lakini kimbunga chenyewe tulikisikia kwa mababu tu. Redio ikarudia, ikarudia tena, na bahari nayo ikaanza kuleta mawimbi mazito, ya polepole, hali hakuna upepo. Wavuvi wazee walipoyaona mawimbi yale hawakusubiri tena redio.

Sheha wetu wakati huo alikuwa Vuai, mtu wa haki na mpenda utaratibu. Alipita mtaa kwa mtaa akigawa kazi. Wanaume waliburuta ngalawa na mitumbwi hadi ndani ya mikoko, wakazifunga kwenye mizizi. Nyavu kuukuu zilitandazwa juu ya mapaa na kuning'inizwa mawe pembeni. Wakwezi walipanda minazi yote iliyo karibu na nyumba wakaangua nazi mbichi na kavu, kwa sababu nazi ikirushwa na upepo haina tofauti na jiwe. Sisi wanawake tulichemsha muhogo, tukakaanga samaki, tukajaza maji madumu yote. Na watu wote tukaambiwa tuhamie kilimani, kwenye lile ghala la zamani la karafuu. Kuta zake ni za mawe, nene, na msimu ulikuwa bado, kwa hiyo lilikuwa tupu.

Lakini ghala moja na kisiwa kizima, mnaweza kufikiria wenyewe. Sheha Vuai akasema: kila mtu aje na bunda lake moja. Mifugo hapana. Mbuzi wafungwe nyuma ya kilima, kuku waachwe, Mungu atawalinda. Watu walinung'unika, lakini waliona ana haki.

Sasa, chini kabisa, karibu na pwani, alikuwa akikaa Bi Mboja. Alikuwa mwembamba, mfupi, na ulimi wake hauna likizo. Akikuona umevaa kanga mpya anakuuliza kama ile ya zamani imekufa. Mimi nilipoletwa hapa nikiwa bi harusi, siku ya kwanza alinishika mkono akauangalia, akasema, "Mkono huu haujui kusuka. Njoo kesho." Nikaenda kesho, na keshokutwa, na mkeka mnaoukalia hapo ni mkono wake ulionifundisha. Nusu ya wanawake wa kisiwa hiki wangewaambia hivyo hivyo. Watoto wake walikuwa wamehamia Unguja na Tanga. Kila mara walimwita akakae nao, na kila mara alisema atakwenda mwezi ujao.

Uani kwake alikuwa na kuku mmoja wa kishingo, wale wenye shingo tupu, nyekundu. Kuku mbaya wa sura, siwafichi. Lakini kuku yule alikuwa na historia. Wiki ya kwanza ya ndoa yao, mumewe, Mzee Mchande, alirudi kutoka Wete na kifaranga ndani ya kofia. Hakuwa na zawadi nyingine. Kifaranga yule akakua, akazaa, watoto wake wakazaa, na Mzee Mchande akazeeka na kufariki ukoo ule bado unachakura uani. Halafu mwaka ule kikaja kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikawafagia wote isipokuwa huyu mmoja. Na siku redio ilipotangaza kimbunga, alikuwa ameatamia.

Goti moja la Bi Mboja lilikuwa bovu, kilima hakiwezi. Kwa hiyo Sheha alimtuma Shaame akambebe. Shaame alikuwa mkwezi, kijana wa miraba minne, na alikuwa jirani yake. Mamake alifariki yeye mdogo, na chakula alichokula kwa Bi Mboja kilikuwa kingi kuliko alichokula kwao. Akaenda asubuhi ile, akainama mbele yake, akasema, "Panda, bibi."

"Na kuku?" Bi Mboja akauliza.

"Sheha amekataza mifugo."

"Huyu si mifugo. Mifugo ni wengi. Huyu yuko peke yake."

Shaame alikuwa na haraka, minazi kadhaa ilikuwa haijaanguliwa. Akasema, "Panda twende, bibi. Nitarudi kumchukua."

Bi Mboja akapanda. Njia nzima alikuwa akimkumbusha kwamba kuku yuko jikoni, ndani ya tenga, nyuma ya kinu. Shaame akiitikia, "Naam, bibi. Naam." Akamfikisha ghalani, mimi mwenyewe nikamtandikia mkeka karibu na mlango, kwa sababu alikataa kukaa kwingine. Alitaka kuiona njia.

Shaame hakurudi kwa kuku. Si kwamba alikuwa mtu mwongo. Akitoka pale akaitwa kwenye mashua iliyokwama, akitoka kwenye mashua akaitwa kwenye paa la mtu. Na moyoni, alituambia baadaye, aliona kuku ni kuku, na bibi yuko salama, basi.

Adhuhuri upepo ukaanza. Mbingu ya upande wa kusi ikawa na rangi ya bilinganya. Watu wa mwisho wakapanda kilima mbio wakiinamia mbele, mvua ikiwapiga ubavuni kama mchanga. Sheha akaanza kuita majina, nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Bi Mboja, hakuna aliyeitika. Nikageuka kuutazama ule mkeka. Ulikuwa na bunda lake tu. Fimbo yake ya kutembelea haikuwapo.

Mimi ndiye niliyekuwa jirani naye pale, na nilikuwa nimeondoka kwenda kugawa muhogo. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Shaame alikuwa ndiyo kwanza ameingia, amelowa chapachapa, anahema. Akanitazama, akautazama mkeka, akatoka. Sheha alimwita arudi. Hakugeuka.

Yaliyotokea huko chini alitusimulia yeye, na Bi Mboja naye alitusimulia kwa namna yake, na masimulizi yao yalipishana kwenye jambo moja tu: nani alikuwa akilia.

Alimkuta jikoni, amekaa chini kando ya tenga, miguu ameinyoosha, kanga ameitandaza juu ya kuku. Paa lilikuwa likipanda na kushuka kama kifua cha mtu. Maji ya bahari yalikuwa yamefika kwenye migomba ya uani.

"Bibi," Shaame akasema kwa hasira, "utakufa kwa ajili ya kuku?"

"Sitaki kufa," Bi Mboja akajibu. "Nimekuja kumchukua. Kushuka nimeshuka, sasa goti limekataa kupanda."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukasema utarudi."

Shaame akalitazama tenga. Akasimama pale maji yakimtiririka. Bi Mboja akamtazama, sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Lakini asubuhi ulinibeba nusu. Nusu nyingine uliiacha hapa, na ndiyo niliyoifuata. Mwanamume aliyeniletea mbegu ya kuku hawa sina picha yake hata moja."

Basi Shaame akavua shati lake, akalifunga juu ya tenga. Bi Mboja akamwelekeza akaze vizuri pasiingie mwanga, kwamba kuku akiona giza hutulia, hawezi kuyaacha mayai. Kisha akainama. Bi Mboja akapanda mgongoni, tenga akalipakata katikati ya kifua chake na shingo ya Shaame, na wakatoka hivyo, watu wawili na kuku mmoja, kwenye upepo ule.

Kilima kile mnakijua. Siku ya kawaida mtu anakipanda akizungumza. Siku ile Shaame alipanda sehemu kubwa kwa magoti na mikono, akishika mizizi. Mwanzi mmoja wa tenga ulikuwa umevunjika, na kuku alipata pa kupitishia kichwa. Alimdonoa Shaame kisogoni toka pwani hadi kilimani. Walipofika nusu ya njia walisikia mvumo mkubwa nyuma yao na mlio wa miti inayopasuka.

Bi Mboja akamuuliza sikioni, "Lile lilikuwa paa langu?"

"Ndiyo, bibi."

"Lilikuwa likivuja," akasema.

Ghalani sisi tulikuwa tumeushikilia mlango, hatujui tuuzibe au tuuache. Mume wangu na wenzake wawili walijifunga kamba kiunoni wakasimama nje kidogo. Wao ndio waliowaona kwanza, wakawavuta ndani. Shaame akapiga magoti sakafuni, Bi Mboja bado yuko mgongoni. Nikampokea bibi, mtu mwingine akalipokea tenga, na ndani ya tenga kuku akalia, sauti ndefu ya kulalamika. Ghala zima likasikia.

Sheha Vuai akaja. Alikuwa amekunja uso, na sidhani ilikuwa hasira. Mtu aliyekuwa akihesabu kwamba amepoteza wawili, uso wake haukunjuki mara moja. Akasema, "Shaame, tulikubaliana hakuna mifugo humu."

Shaame alikuwa kifua wazi, magoti yanatoka damu, kisogo kimejaa alama. Akavuta pumzi mara kadhaa ndipo akaweza kusema.

"Sheha, ukimbeba bibi, beba na kuku wake. Ukimwacha kuku, utambeba bibi mara mbili."

Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akaanza kucheka, na mwingine, na kicheko kikaenea ghala zima, kile kicheko cha watu waliokuwa wameogopa sana. Hata Bi Mboja alicheka, akijifuta macho kwa pindo la kanga yangu. Sheha hakucheka. Alivua koti lake, akamfunika Shaame, akaenda kuufunga mlango mwenyewe.

Kimbunga kilitupiga hadi alasiri ikapita. Sitawaeleza mengi. Kuta zilitetemeka, bati la upande mmoja likang'oka, watoto tukawalaza chini yetu. Watu wote tulitoka hai. Tulipotoka, nyumba nyingi za pwani hazikuwapo, na ya Bi Mboja ilikuwa kiwanja cheupe, kama hapakuwahi kuwa na mtu. Alikipita akichechemea, akaokota mchi wake kwenye mchanga, akaniambia, "Haya, tuanze na jiko." Tulimjengea mbele kidogo, mbali na maji. Mayai, baadhi yaliharibika kwa baridi, baadhi yakaanguliwa. Kifaranga wa kwanza alimpa Shaame.

Lakini maneno yale ya Shaame yalibaki. Mwanzo yalikuwa mzaha. Mtu akienda kumchukua mgonjwa hospitali akasahau mkoba wake, anaambiwa, umemsahau kuku. Kufanywa methali kulikuja baadaye, na aliyeyafanya hivyo ni yule yule Sheha Vuai.

Miaka ilipita, Bi Mboja akatangulia mbele ya haki, kitandani kwake, Shaame akiwa mmoja wa waliolibeba jeneza. Kisha redio ikatangaza kimbunga kingine. Safari hii Sheha alipopita nyumba kwa nyumba hakuanza na kutaja marufuku. Aliketi, akauliza kila mtu kitu gani hawezi kukiacha. Wengi walisema hawana. Mama mmoja alisema ni msahafu wa baba yake. Kijana mmoja alisema ni mbuzi aliyezaa jana. Sheha aliwapangia, kitu kwa kitu, na tukashangaa kwamba ghala lilitosha.

Mzee Faki fundi cherehani ndiye aliyekataa. Alisema waende, yeye atakaa na mashine yake, ile ya miguu, ya chuma, ambayo vijana wawili wanaibeba kwa taabu. Watu wakakasirika, wakasema mzee huyu aachwe na ukaidi wake.

Sisi tulikuwa tumeshafika ghalani tulipomwona Sheha Vuai akipanda kilima. Alikuwa mzee naye wakati huo. Ameshika upande mmoja wa ile mashine, Shaame ameshika wa pili, wanapumzika kila hatua chache, na nyuma yao Mzee Faki anakuja na fimbo yake, mnyenyekevu kama bwana harusi. Kimbunga chenyewe, niwaambie, kilipinda njia kikaenda zake baharini. Hatukupata zaidi ya mvua. Lakini siku ile hakuna hata mtu mmoja aliyerudi pwani.

Mume wangu aliwakimbilia akawapokea mlangoni, na kwa utani akamuuliza Sheha kama chuma kile nacho kimeandikwa katika orodha ya watu wake.

Sheha akaitua mashine chini taratibu. Akajifuta jasho, akamtazama Mzee Faki aliyekuwa tayari ameketi kando ya cherehani yake, ametulia.

"Ukimbeba bibi," akasema, "beba na kuku wake."