Asubuhi Iliyokwama Mlangoni pa Mtemi

"Shauri la Kuchelewa kwa Neno Moja la Asubuhi, Pamoja na Mambo Yote Yanayoambatana Nalo." Ndivyo baraza la wanyampara, wazee washauri wa Ilondo, lilivyoliita jambo hili, na kwa jina hilo likafaulu kulijadili kutwa nzima bila kulitaja. Mimi sina baraza, nitalitaja. Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani, katika mji wa Ilondo ulio juu ya mlima, jua lilichomoza kama linavyochomoza kwenu, lakini halikuwa na mamlaka. Mwenye mamlaka alikuwa Mtemi. Kila alfajiri Mwulizaji alisimama mlangoni pake akauliza, "Kumekucha?" Mtemi akijibu, "Kumekucha," basi kumekucha. Mlinzi wa mlango alilichukua neno lile akampa mlinzi wa lango, wa lango akampa wa kisimani, nalo likashuka mlima mdomo kwa mdomo mpaka kwa wachungaji wa bondeni, waliokuwa wakingoja maji na ng'ombe wao. Kabla ya neno hilo lango halifunguliwi, kisima hakifunuliwi, soko halikai. Majogoo waliruhusiwa kuwika, ila hawakuhesabiwa kuwa ushahidi.

Na palikuwa na sharti moja. Mtemi hasemi "kumekucha" ikiwa ndani yake hakujakucha. Neno lile likisemwa kwa uongo hata mara moja, nani angeamini asubuhi ya kesho?

Mtemi wa wakati huo alikuwa mwanamke kijana, jina lake Kalunde. Alihukumu vizuri, alicheka kwa sauti, na akikosea alisema amekosea, jambo lililowatia baridi wanyampara. Lakini kila mwezi, hedhi ilipoanza, tumbo lilimsokota na moyo ukaingia giza. Siku hizo alichelewa kujibu. Baraza liliziita "ucheleweshaji wa kawaida wa ikulu", kwa kuwa wazee wale, wote waliozaliwa na wanawake, hawakuweza kulitamka neno hedhi bila kuangalia kwanza dari.

Mwulizaji alikuwa baba yake mdogo, Lushinge, aliyeuliza "Kumekucha?" kwa sauti ya mtu aliyekuja kukamata mwizi. Lushinge alikitaka kigoda cha utemi. Akapitisha kanuni barazani: jua likifika utosini, kivuli cha nguzo ya uwanjani kikajificha chini ya nguzo, na Mtemi hajajibu, basi Mtemi hayupo, hata kama yupo, na kigoda ni cha Mwulizaji. Tena alikwisha kuapa hadharani kwamba siku atakapokikalia, wachungaji wa bondeni hawatateka tena maji Ilondo.

Ukaja mwezi mmoja mbaya kuliko yote. Lushinge aliuliza. Akauliza tena. Sauti ya Kalunde ikatoka ndani, nyembamba: "Bado."

Jua likapanda. Ilondo ikabaki usiku. Jamani, nani kati yenu amewahi kuona mji mzima umekaa usiku katikati ya mwanga? Walinzi walisimama na mienge inayowaka, miali yake haionekani kwa jua. Watoto walilala mikekani macho wazi. Waume na wake walinong'onezana, kwa sababu ni usiku, huku vivuli vyao vikiwa vyeusi ukutani. Waliokuwa wanatania mwanzoni waliacha. Kutoka bondeni ng'ombe walianza kulia, mmoja, kisha wengi, na hapakuwa na sauti nyingine duniani.

Baraza likakutana. Mnyampara mmoja akashauri Mtemi aamriwe kufurahi. Mwingine akahoji nani ana madaraka ya kumwamuru. Wakaunda kamati ya kulichunguza hilo.

Wakati kamati inatafuta mwenyekiti, shangazi yake Mtemi, mfinyanzi aitwaye Nyanzobe, alipita mbele yao bila kuomba ruhusa. Alibeba kibuyu cha maji ya moto kilichoviringishwa kaniki, na kata ya uji wa ulezi wenye tangawizi. Akaingia ndani. Akamlaza Kalunde ubavu, akamwekea kibuyu tumboni, akamsugua kiuno kwa mikono iliyozoea udongo, akamnywesha uji funda kwa funda. Msokoto ukalegea. Kalunde akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu alfajiri.

Lakini hakuinuka. "Tumbo limetulia, shangazi," alisema. "Mimi ndiye sijatulia. Waambie wampe Lushinge kigoda chake. Mimi sifai."

Akasema hivyo, na jua likapanda.

Ndipo akaingia Kabula. Na huyu mjue ni nani: ni mke wa Lushinge mwenyewe, ambaye kigoda kile kingemfanya mke wa Mtemi kabla ya chakula cha mchana. Alikaa chini sakafuni. Kalunde akamwuliza kama mumewe ndiye aliyemtuma kuja kuhakikisha.

"Mume wangu akijua niko hapa, leo nitalala kwetu," alisema Kabula. "Sikiliza, mwanangu. Mwezi uliopita ulisema hufai. Maneno hayahaya, umelala ubavu huohuo. Damu ilipopungua ukaamua kesi ya yule mbuzi mwenye wenyewe wawili, ukacheka mpaka ukamwaga pombe. Mbona yule Kalunde humwulizi kama anafaa?"

Kalunde akageuza uso kumtazama.

"Mimi nami niko mwezini leo," Kabula akaendelea. "Tangu nimeamka nimemchukia Lushinge, na mlango, na kuku. Nimekaa nikajisemea, kuku hawana kosa. Mlango nao hauna kosa."

"Na Lushinge?"

"Lushinge nitamtazama upya hedhi ikikatika. Lakini sina matumaini."

Kalunde akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kilio kile kinachotoka na kitu. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umevimba na macho yake yalikuwa yake. Lakini chumba kilikuwa cha giza, miguu ilikuwa mizito, na neno lilikataa kutoka. Na jua likapanda.

Ndipo akaja Ndila. Ndila alikuwa mchungaji wa kike wa bondeni, aliyecheza na Kalunde utotoni, na ndiye pekee, mlimani na bondeni, aliyemwita kwa jina tupu. Lango lilikuwa limefungwa, kwa hiyo aliruka ukuta wa miiba. Akafika magoti yamechanika, damu yake ikitiririka mpaka vifundoni.

"Kalunde, toka," alisema.

"Siwezi kutembea."

"Basi utatembea vibaya. Twende."

Wakatokea mlango wa nyuma, wakashika njia ya ukingo wa mlima. Mwanzo walikwenda kama vikongwe wawili wanaogombea fimbo moja. Kisha Ndila akaanza wimbo wa kuwaita ng'ombe, ule wa kumtukana fahali mvivu, ukoo wake na mkia wake. Kalunde akaitikia kwa kunung'unika. Kisha akaitikia. Jua likampiga mgongoni, pumzi ikafunguka, nyayo zikaanza kukanyaga kwa mapigo. Mwisho Mtemi wa Ilondo alikuwa anacheza njiani, amejishika kiuno, anamtukana fahali asiyekuwapo.

Huko uwanjani kivuli kilikuwa kimebaki kama ukucha. Lushinge akatangaza kwamba kimekwisha. Hapo akainuka mzee Mihayo, Mtazama Kivuli wa baraza, mtu aliyesifika kwa kuchosha hata mawe. Akasema kutangaza kivuli ni kazi yake, si ya mwenye haja nacho. Akavua viatu, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo. Akaagiza bakuli la maji lithibitishe kama nguzo imesimama wima. Haikusimama wima. Akaamuru inyooshwe. Ilipokwisha kunyooshwa alilala kifudifudi mavumbini, shavu ardhini, akakitazama kivuli kile kwa muda ambao wengi wetu hatujawahi kumtazama mtu tunayempenda.

Na alipokuwa bado amelala, Kalunde alifika juu ya mwamba.

Aliuona mji wake umeketi kimya kwenye mwanga. Aliona mienge ikiwaka bure. Aliona bonde, na ng'ombe waliotapakaa kama mtama uliomwagika, na watu wadogo kabisa wamesimama, nyuso zao zote zimeelekea juu. Kiuno kilikuwa bado kinauma. Hedhi ilikuwa bado inatoka. Ila ndani yake palikuwa na mwanga, akapachungulia mara mbili kuhakikisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. Swali la alfajiri lilikuwa bado halijajibiwa.

"Kumekucha," alisema.

Hakupaza sauti. Mlinzi wa ukingoni alilisikia akampa wa lango, wa lango akampa wa kisimani. Mngalilisikia neno lile likishuka mlima, mngalilia nanyi: walilitamka polepole, kila mmoja kama aliyekabidhiwa yai. Kumekucha. Kumekucha. Mienge ikazimwa mmoja mmoja. Lango likafunguka. Watoto wakainuka mikekani. Na neno lilipogusa bonde, ardhi ikanguruma, maana ng'ombe walikuwa wanapanda. Wazee waliokuwapo walisema mpaka kufa kwao kwamba waliwahi kuona jua likichomoza utosini.

Mihayo akainua shavu mavumbini akatangaza kwamba kivuli kingalipo. Lushinge akaondoka uwanjani bila kuulizwa wala kuuliza, na nafasi ya Mwulizaji ikawa wazi.

Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja. Uso wake ndio uso wa kwanza Mtemi auonao kila siku, hata siku zile za kila mwezi. Kalunde akawaita wanne waliomfikisha kwenye neno lile, kila mmoja ajieleze kwa nini apewe yeye.

Nyanzobe alisema mwenye maumivu hana masikio. Kama si kibuyu chake, hao wengine wangeongea na ukuta.

Kabula alisema, "Kibuyu kilipoa ukiwa bado unataka kugawa kigoda. Mimi ndiye niliyekurudisha kwako. Na Lushinge amefunga mlango wake, usiku huu sina pa kulala."

Ndila alisema hao wawili walimkuta amelala wakamwacha amelala. "Neno hukulisemea kitandani. Ulilisemea juu ya mwamba, na nani alikufikisha mwambani?"

Mihayo alisema hajamfurahisha mtu tangu azaliwe na hakusudii kuanza. Lakini furaha ambayo ingekuja baada ya kigoda kuondoka ingemfaa nani? Wakamwuliza kama alichelewesha kivuli kwa makusudi. Akajibu kwamba swali hilo haliko mbele ya baraza. Mpaka leo haijulikani.

Kalunde aliwasikiliza wote, akasema kila mmoja amesema kweli, na hiyo ndiyo shida.

Kilichotokea ni hiki. Kesho yake alfajiri wote wanne walisimama mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Jua likaanza kupanda. Kutoka bondeni ng'ombe mmoja akalia. Mlango ukafunguka, akatoka Kalunde, mkono kiunoni, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

Nanyi mlioketi hapa, kabla hamjaondoka: je, kati ya wanne wale, nani alistahili kumwuliza?