Mota ya Marehemu Ngeleja

Sogeeni karibu, nyie mnaopenda kuamua kesi za watu. Leo sina haja na vicheko vyenu. Nataka hukumu, na atakayesinzia katikati asije kesho kunifundisha haki.

Machimbo ya dhahabu ya Isenga yalikuwa na watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza alijua kutunza. Kitu kikiingia mkononi mwake hakipotei wala hakiozi. Huyo ni Mama Ngeleja, mjane. Wa pili alijua kuchagua; mpeleke kwenye rundo la vibovu, atakutolea kile kimoja kizima. Huyo ni Fundi Hamduni, mtengeneza redio. Wa tatu alijua kupenya. Pale wenzake wanapoingiza kichwa wakakitoa haraka, yeye huingia mwili mzima. Huyo ni Bundala, mchimbaji mwembamba kama ufito. Na katikati yao, tumbo mbele, yuko Minza, mke wa Luhende. Mzigo wa kisa hiki umemwangukia yeye, kwa hiyo tumfuate yeye.

Asubuhi moja duara la kina Luhende liliporomoka. Kwa msiojua, duara ni shimo refu la kuchimbia dhahabu, na kuta zake hushikiliwa na magogo. Magogo yakakatika, udongo ukashuka, wanaume watatu wakabaki chini. Minza alifika peku, akawakuta wachimbaji wameketi kimya, kofia mapajani. Bundala peke yake alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye mwamba.

"Njoo usikie, shemeji," akasema.

Minza akainama kwa shida, akasikia. Ko, ko. Kimya. Ko. Wachimbaji wa Isenga humjua mwenzao kwa pigo la nyundo yake kama wewe unavyomjua ndugu yako kwa kikohozi. Luhende hupiga mawili, akapumzika, akapiga moja. Wenzake wawili hawakusikika tena.

Sasa, kati ya duara la Bundala na lile lililoporomoka kulikuwa na kitundu, walichopitishia zamani mpira wa kupeleka hewa chini. Mtu hakuenea humo. Ufito haukufika, kwa maana kitundu kilipinda mara mbili na sakafu yake ilijaa mawe. Kuchimba kifusi chote ni kazi ya siku nyingi, na mtu asiye na maji hangoji siku nyingi. Wenye busara wakaanza kuchangisha fedha za sanda. Wakamkabidhi Minza mkononi, na mumewe bado anagonga. Jamani, kuna uchungu kuushinda huo?

Akiwa amezishika fedha zile, ndipo Minza alipomkumbuka Ngeleja, mwana wa yule mjane. Kijana yule, enzi za uhai wake, aliunda gari la rimoti lililovuta ndoo ya mchanga hadi juu ya kilima. Gari kama lile lingeweza kupenya kitunduni likivuta uzi hadi kwa Luhende. Lenyewe lilikwisha kuvunjikavunjika, ila mota yake ilibaki. Ngeleja mwenyewe alimezwa na duara, na maiti yake haikupatikana mpaka leo.

Minza akaenda kupiga magoti kwa Mama Ngeleja. Mjane yule aliitunza mota ndani ya kopo la maziwa, imezungushiwa pamba, na aliifuta kila alipomkumbuka mwanawe, yaani kila siku. Hakuwa na kaburi la kupalilia. Kopo lile ndilo lililokuwa kaburi.

"Unajua unaniomba nini, Minza?"

"Najua, mayu," akasema Minza, yaani mama.

"Na itarudi?"

Hapo Minza angeweza kusema ukweli. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. "Mota isiporudi, mayu, Ngeleja atarudi," akasema. "Nikijaliwa mtoto wa kiume, nitampa jina lake."

Mama Ngeleja alilia kidogo, kilio cha mtu aliyekwisha kukizoea. Akaitoa mota pamoja na kisanduku chake cha kudhibiti umeme na rimoti yake, akampa. Kisha akafunika kopo tupu na kulirudisha mahali pake.

Minza akaenda na Fundi Hamduni sokoni mjini, kwa muuza vitu vya mtumba. Ile fedha ya sanda ndiyo waliyokuwa nayo, hawakuwa na nyingine. Minza akaliona lori jekundu la kuchezea, taa zinawaka, na fedha inatosha. "Hili hapa, fundi!"

Fundi akaligeuza chali, akapapasa chini yake. "Gia za plastiki hizi. Mota ya Ngeleja ni ya zile zisizo na brashi, mwanangu, ina nguvu kama punda aliyechokozwa. Itazing'oa meno gia hizi kabla ya kona ya kwanza."

Akalikataa. Akakataa na la pili, lililojengwa kwa mbio za kwenye sakafu. Tumbo lake liko chini, alisema, litakalia jiwe la kwanza na kubaki hapo.

"Mzee, mchagua jembe si mkulima!" muuzaji akamtania, na watu wakacheka.

Fundi hakucheka. Akainama chini ya meza, akavuta kitu kama mzoga: lori lisilo na bodi, rangi imebambuka, mota yake ya zamani imeungua. Lakini gia zilikuwa za chuma, magurudumu marefu, na matundu ya skrubu yakalingana na mota ya Ngeleja. Kwa kuwa lilikuwa limekufa, bei yake ilikuwa ndogo.

Minza akapandwa na hasira. "Nitoe sanda ya mume wangu ninunue takataka?"

"Nunua. Likikwama, Isenga nzima watasema Hamduni kala sanda ya maiti, na hakuna atakayeniletea hata tochi. Mimi sina mke wala mtoto. Nina jina tu, na nimeliweka juu ya gari hili."

"Basi likifika," Minza akamtupia maneno kama mtu atupaye jiwe, "mtoto wangu ataitwa Hamduni!"

Alisema kwa hasira, lakini alisema, na mzee alisikia. Wakalinunua. Fundi akaifunga mota palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaunga nyaya tatu kwenye kisanduku, akalifungia betri za kompyuta chakavu. Lori likaruka mbele nusura limkanyage kuku wa watu.

Waliporudi, pigo la nyundo lilikuwa limefifia. Na rimoti, wenzangu, haipenyi mwamba. Ilibidi mtu aingie duara la Bundala, atambae mpaka kwenye mdomo wa kitundu, na magogo ya duara lile yalikuwa yakilia tangu asubuhi. Wachimbaji wakatazama chini. Bundala akajifunga kamba kiunoni.

Nisiwafiche jambo moja. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba Bundala, akiufuata mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba, alikuwa ameuchimba ukuta wa kina Luhende mpaka ukawa mwembamba, na ndiyo sababu ukaanguka. Yeye hakukubali wala hakukana.

"Shemeji," akamnong'oneza Minza, "nisipotoka humu, nani atanitaja tena?"

Minza alizikumbuka ahadi zake mbili. Hata hivyo akamjibu sikioni. "Mtoto wangu atakutaja. Ataitwa Bundala."

Bundala akazama. Lori likaingia kitunduni likiburuta mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Kona ya kwanza likapita. Kwenye ya pili likanasa, magurudumu yakazunguka bure, harufu ya waya unaoungua ikamjia. Akalirudisha nyuma, akalisukuma mbele, akalirudisha tena. Jiwe likatoka juu, likamwangukia mkono wa kushoto na kuusaga. Walio juu walisikia ukelele wake, wakaanza kuvuta kamba. "Msivute!" akafoka. "Bado!" Rimoti aliiegemeza kifuani, akaendelea na mkono wa kulia. Mota ikalia, ikapanda, ikalitupa lori upande wa pili wa kifusi, halafu ikaungua na kunyamaza milele.

Kisha mshipi ukavutwa kutoka ndani. Mara mbili. Ukapumzika. Mara moja. Minza alipoambiwa, aliketi udongoni akilia kwa furaha na kwa woga.

Mshipi ulivuta kamba, kamba ikavuta mpira, na kwenye mpira yakapita maji na uji mwembamba, hadi kifusi kilipoondolewa na Luhende akatolewa.

Msipige makofi. Luhende alitoka akiwa amelala siku zote hizo katikati ya maiti za wenzake wawili, na hajawa mtu wa maneno tena. Bundala alikatwa mkono hospitalini, hatachimba tena. Kopo la Mama Ngeleja ni tupu. Fundi Hamduni, wanasema watu, hakupoteza kitu. Mimi nawauliza watu hao: lingenunuliwa lile jekundu, je?

Minza akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Isenga, kitovu kikianguka mtoto hutolewa mlangoni, na mtu anayemrithisha jina ndiye humpokea mikononi. Jina ni moja tu, halichanganywi na jingine. Ndilo litakaloitwa siku ya kuzikwa kwake, na mama naye huitwa kwa jina hilo maisha yake yote.

Siku ilipofika, Minza akafungua mlango na kuwakuta wote watatu. Hakuna aliyejua ahadi ya mwenzake.

"Nimekuja kumpokea mwanangu," akasema Mama Ngeleja. "Nimemtoa mara mbili. Mara ya kwanza sikuombwa."

"Mimi sikukuomba kitu, mwanangu," akasema Fundi Hamduni. "Ulisema mwenyewe, mbele ya soko zima. Nami tangu siku ile nimekuwa nikijisikia baba."

Bundala alijiinua tu, na mkono mtupu wa shati lake ukacheza kwa upepo.

Ahadi ni deni, na Minza alikuwa na madeni matatu na mtoto mmoja. Akarudi ndani, kwa mumewe aliyelala ameuelekea ukuta.

"Baba, mtoto nimpe jina la nani?"

Luhende akajibu bila kugeuka. "La yule aliyenitoa."

"Nani aliyekutoa?"

"Nilikuwa gizani," Luhende akasema. "Niliisikia mota. Sikumwona mtu."

Minza akamfunga mtoto vizuri kwenye kanga, akarudi mlangoni. Alijua kwamba wawili kati ya hawa hawatakanyaga tena kwake, na kwamba watakuwa na haki. Mikono ilikuwa imekwisha kunyooshwa kumngoja: miwili ya Mama Ngeleja, miwili ya Fundi Hamduni, na mmoja wa Bundala.

Mimi nimemfikisha hapo mlangoni na sina la kuongeza. Mtoto analia. Haya, wewe uliyekuwa macho muda wote huu: ungemweka mikononi mwa nani, na hao wengine wawili ungewatazama vipi usoni?