Pombe Hukutuma, Haikusindikizi

"Pombe hukutuma, haikusindikizi." Mmenisikia nikimwambia hivyo kijana wa jirani aliyepita hapa akiyumba, mkataka kujua neno hili limetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu, niwaambie lilikozaliwa. Mimi nilisimuliwa na marehemu babu yenu.

Zamani, huko kwetu milimani Upareni, watu walitoka kwa pamoja kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kazi ikiisha, wazee hunywa dengelua, pombe ya miwa. Vijana hupewa togwa, uji mtamu usiolevya. Tena mzee hapokei kibuyu mpaka amkabidhi mama mwenye nyumba panga lake. Vijana hawakukabidhi. Mnywa togwa ana nini cha kuogopewa?

Walikuwapo vijana wawili, Sefue na Mrindoko, marafiki tangu utoto. Siku hiyo waliiba kibuyu cha dengelua wakajificha nyuma ya zizi, mapanga kiunoni. Mwanzo walicheka tu. Kisha Sefue akatania:

"Leo mawe nimebeba mimi. Wewe umebeba kokoto."

"Hebu rudia."

"Kokoto, we mtoto wa mama!"

Mnauliza kama Mrindoko alikuwa mkorofi? Hata kidogo. Kwao hata kuku hakuthubutu kumchinja, alichinjiwa na wengine. Siku nyingine angecheka, akarudisha utani. Siku hiyo alichomoa panga. Sefue akakinga kwa mkono wa kulia, na panga likaondoka na vidole.

Asubuhi wazee wakakaa baraza.

"Nani alikutuma kumkata mwenzako?"

"Pombe, baba. Sefue nampenda. Jana sikuwa mimi, ilikuwa pombe."

Watu wakaguna, baadhi wakaanza kumwonea huruma. Hapo mama yake Sefue akainuka, akaenda nyuma ya zizi, akarudi na kile kibuyu kitupu. Akakiweka miguuni pa Mrindoko.

"Mwenzako huyu. Mwambie ajibu."

Akakisukuma kibuyu karibu zaidi.

"Sema naye, mwanangu, si mlikuwa wote jana? Alikutuma, mbona leo hakukusindikiza?"

Mrindoko alikitazama kile kibuyu, akainamisha kichwa.

"Mama, niko peke yangu."

"Sasa umesema."

Wazee wakaamua Mrindoko alime shamba la Sefue pamoja na lake, maana mkono ule haungeshika jembe tena. Na tangu hapo, vijana nao wakawa wanakabidhi mapanga, hata wa togwa.

Mnataka kujua kama Sefue alimsamehe. Alimsamehe, Mungu ni shahidi. Walikula tena sahani moja, wakacheka tena. Ila Sefue alikuwa akimega ugali kwa mkono wa kushoto, na kila alipomega, Mrindoko aliangalia pembeni. Dengelua ilikuwa imeisha siku ile ile nyuma ya zizi. Lakini Mrindoko aliendelea kuuona mkono ule mpaka mvi zikamtoka.

Ndiyo maana twasema: pombe hukutuma, haikusindikizi.