Mtama Uliojikunja Saa Sita

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja aliyelima mtama kwenye mteremko wa mawe, mahali ambapo mvua hupita kama mgeni mwenye haraka. Mbegu yake haikutoka dukani. Bibi yake, na mama wa bibi yake, kila mavuno walichagua masuke ya mashina yale tu yaliyostahimili kiangazi. Miaka nenda miaka rudi, ustahimilivu ule ukaingia ndani ya punje zenyewe, shina likamrithisha mtoto wake. Majani yalikuwa membamba, yana unga mweupe kama nta, na jua likiwa kali yalijikunja kama mkeka.

Basi ikaja kamati ya kilimo ya kijiji kukagua mashamba. Walikunywa chai kwanza, wakamaliza maandazi, wakafika kwa mama saa sita mchana. Mwenyekiti akashika jani, akakunja uso.

"Mama, mtama wako una ugonjwa."

"Hapana, baba. Hujikunja ili jua lisinyonye maji yake. Njooni alfajiri mtayaona majani yamekunjuka, mazima kabisa."

"Unatufundisha kazi? Ung'olewe wote uchomwe, usije ukaambukiza mahindi ya wenzako."

Hivi, kuja alfajiri kulikuwa na ugumu gani? Hawakuja! Waliokuja ni vijana wenye majembe na kiberiti. Mama alisimama kando akitazama jasho la bibi zake likigeuka moshi. Kilichobaki ni kibuyu kimoja cha mbegu juu ya jiko, ambacho hawakukiona. Akaapa kukitunza hadi msimu ujao.

Mvua ikakatika mapema. Mahindi ya kijiji, yale ya majani mapana yaliyosifiwa na kamati, yakakauka yamesimama. Njaa ikaingia kila nyumba. Mama alilala na maji ya moto tumboni, lakini kibuyu hakukigusa.

Mawingu yalipoanza kurudi, mwenyekiti akapiga hodi, kofia mkononi. Safari hii alikuja alfajiri.

"Mama yangu, tulikosea. Nasikia mbegu kidogo ilibaki. Nigawie hata kiganja, tuanze upya."

"Ilikuwepo, baba. Juzi mkeo alikuja hapa na mtoto mgongoni, hawajala siku mbili. Nikaisaga, nikawapikia uji."

"Yote?"

"Ulitaka nimwambie angoje mvua?"

Mmesikia? Kazi ya vizazi na vizazi, mbegu iliyolijua jua la mteremko ule, imeishia kwenye sufuria moja. Na aliyeimaliza si mama. Ni watu waliopita mara moja, saa mbaya, wakajiona wameshajua kila kitu.

Nimekasirika, na sioni haya kuwaambia. Maana kamati ile ni sisi! Yupo dada hapa usharikani aliyerudi kwao ndoa ilipomvunjikia. Akawa anakaa benchi la nyuma, haimbi, hasalimii mtu. Tukasema ana kiburi. Tukamfuta kwenye kwaya. Nani kati yetu alimuuliza ni jua gani lililomchoma? Alikuwa amejikunja ili asife, sisi tukaita ugonjwa! Na mimi mchungaji wenu niliweka sahihi kwenye barua ya kumfuta, kwa kalamu yangu mwenyewe. Mungu anayejua kwa nini jani linajikunja, mnadhani hakutuona?

Jumapili ya nne hii hayupo. Kwa hiyo ibada ikiisha, msinipe mkono pale mlangoni mkaniambia mmebarikiwa na mahubiri. Hamtanikuta. Nyumba yake mnaijua, na mimi nitakuwa nimetangulia kwenda kupiga magoti.