Nakijwa na Mlango wa Pili

"Kifo ukikifungia dirisha, kitazame mlangoni." Wajukuu zangu, mmeisikia leo kwa mama yenu, mkaniuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Upareni.

Palikuwa na mama mmoja, Nakijwa, aliyezika watoto wawili msimu mmoja. Surua iliwachukua. Enzi hizo ndiyo iliyokuwa ikijaza makaburi, na makaburi yenyewe yalikuwa mafupi. Chanjo ilipoletwa zahanati ya bondeni, watu wengi waliiogopa. Nakijwa hakubishana na mtu. Alikwenda nyumba hadi nyumba akiwaomba wenzake watoto wao, akawabeba mgongoni hadi zahanati, mmoja mmoja. Surua ikapungua, hata watoto wakawa wanakua bila kuijua.

Miaka ikapita. Makaburi mapya sasa yalikuwa marefu. Mumewe, Mrutu, alianguka shambani akipalilia tangawizi, na hakuamka tena. Alikuwa amelalamikia kichwa tu. Wapo walionong'ona kwamba amerogwa. Nakijwa alijifunika kanga usoni.

Namsifu, mmoja wa wale aliowabeba, alikuwa sasa muuguzi wa zahanati ileile. Alimweleza Nakijwa kuwa kilichomuua Mrutu ni presha, kwamba siku hizi ndiyo inayowachukua watu wazima, na kwamba yeye pia apimwe. Nakijwa alikataa. Alisema haumwi popote.

Namsifu akaketi karibu naye mkekani.

"Bibi, siku uliyonibeba, nilikuwa naumwa?"

"Hata. Ulikuwa unacheka njia nzima."

"Sasa ulinibebea nini?"

Nakijwa aliutazama mkono wake uliokunjamana, kisha akamnyooshea Namsifu ampime, machozi yakimtoka.

"Nilidhani nimemaliza kazi," alisema. "Kumbe kifo nilikifungia dirisha tu, kikazunguka mlangoni. Na aliyekuwa amekaa mlangoni ni Mrutu wangu."

Presha yake ilikuwa juu. Akaanza dawa, akapunguza chumvi, na alipopata nguvu akazunguka tena nyumba zile zile, ameshika bega la Namsifu. Safari hii aliwaomba wazazi wenyewe. Wengi walimfuata, maana ni vigumu kumkatalia mtu aliyekubebea mwanao. Waliosita aliwaambia maneno yale ya mkekani, nao wakarudi nayo majumbani, wakayafupisha, hata yakamfikia mama yenu:

Kifo ukikifungia dirisha, kitazame mlangoni.