Zimwi Lililopangiwa Zamu ya Mfereji

Nitambe nisitambe? Haya, tulieni!

Huko Meksiko, katika kijiji cha wakulima, zimwi lilikalia chemchemi hadi mahindi yakaanza kunyauka. Likanguruma, "Kijiji hiki changu!"

Bibi Eufrasia akalikabidhi jembe. "Mwenye kijiji huchimba mfereji. Asiyechimba ni mgeni, aondoke."

"Mimi zimwi!"

"Hata padri huchimba."

"Nitakumeza!"

"Nimeze, lakini utachimba na zamu yangu."

Kwa kiburi zimwi likainuka, na maji yakabubujika. Likachimba siku ya kwanza, likachimba ya pili, ya tatu kiuno kikagoma. "Kijiji chenu, bibi!" likalia, likatimua mbio. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mahindi.

"Rudi, baba!" akaita Bibi Eufrasia. "Kesho tunajenga shule!"

Nilipoliacha, lilikuwa bado linakimbia.